Meza Iliyotandikwa Uani

Tarehe 9 Februari

Shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za paka wa marehemu dada yako, ambaye siku hizi ananona kuliko mwenye nyumba. Mimi ni mzima. Mgongo ndio unaonikumbusha umri kila ninapoinuka kwenye kigoda. Natumaini na wewe u mzima, na watoto wa watu unaendelea kuwapokea salama huko wodini.

Najua utashtuka kuuona mwandiko huu. Dada yako ndiye aliyekuwa akikuandikia. Kazi yangu ilikuwa kulamba stempu. Tangu tumzike nimekuwa nikiutazama mfuko wake wa bahasha pale nyuma ya mlango, mwisho nikasema huu uzi usikatikie mikononi mwangu. Simu nayo unanijua, nikiiweka sikioni naambulia upepo. Kwa hiyo vumilia herufi za fundi viatu. Juzi nimekuta kibanio chake cha nywele ndani ya kiatu changu cha Jumapili. Sijui kiliingiaje. Nimekirudisha humohumo.

Sasa nikueleze jambo lililonikalisha mezani. Unalikumbuka kanisa letu la kiwandani, tulilolijenga wenyewe enzi za kiwanda cha ngozi, wengine kwa tofali, wengine kwa mgongo. Kiwanda kilifungwa, lakini sisi tuliendelea kujiita watu wa kiwandani. Leo ukipita hapa hutapajua. Nyumba zetu za chini zimeuzwa moja baada ya moja, na mahali pake yamepanda maghorofa yenye walinzi na milango ya chuma. Wenzetu wamehamia pembezoni mwa mji, Jumapili wanakuja kwa basi, wanaimba, wanarudi. Katika washarika wote, anayeishi bado mtaani humu ni mimi peke yangu, kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa. Mchana nashona viatu barazani, na ufunguo wa kanisa uko shingoni mwangu. Mchungaji tunagawana na makanisa mengine; anatufikia kwa pikipiki Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, akiwa na Meza ya Bwana ndani ya begi lake. Jumapili nyingine anaongoza Karani, yule aliyekuwa akitugawia mishahara kiwandani.

Ng'ambo ya barabara kuna ghorofa lililoishia njiani, halina madirisha wala milango. Tunaliita pagale. Humo wamejaa watu waliokimbia vita kwao, ng'ambo ya mpaka. Wanabeba mizigo sokoni, wanaosha magari. Jumapili wanakuja kusimama nje ya madirisha yetu na kusikiliza. Hawaingii. Hatujawakataza, ila hatujawakaribisha pia.

Mtaani kumezuka kikundi kinachojiita Kamati ya Ulinzi. Wanavaa vizibao vinavyong'aa. Wameandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa pagale neno moja: ONDOKENI. Mwezi uliopita jiwe lilianguka kwenye bati letu katikati ya maombi. Wazee wa kanisa wakaniagiza nichonge komeo, na tangu hapo tunasali mlango umekomewa kwa ndani.

Sasa mzee mmoja wa pagale, wenzake wanamwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha kwao, amekuja barazani kwangu. Anaomba wapewe kanisa Jumapili alasiri, sisi tukishaondoka, nao wamwabudu Mungu chini ya paa. Nimemwambia nitawafikishia wazee. Sijawafikishia. Naogopa wazee, naogopa Kamati, na naogopa hata kumwona Mwalimu akivuka barabara kuja kuuliza. Dada yako angekuwa na neno moja tu, na tungelifuata. Wewe ndiye uliyebaki na ulimi wake. Ungesemaje?

Shemeji yako,
Gundi


Tarehe 2 Machi

Shemeji, mume wangu wa akiba,

Barua yako nimeipokea nikiwa nimesimama, nikakaa. Ulivyoandika anwani kwa herufi kubwa namna ile nilidhani ni hati ya mahakama. Asante kwa kuushika uzi. Mimi ni mzima, miguu tu imevimba kwa kusimama. Watoto wanakuja mfululizo mwaka huu, wengi wa kiume, na wanakuja na kelele kama wanaodai chenji. Hicho kibanio kiache hapo hapo kilipo.

Nimehama chumba. Huku nipo karibu zaidi na kazi.

Kuhusu hilo uliloniuliza, mimi sina ulimi wa dada, nina wangu, na wangu unasema usifungue. Mwambie huyo Mwalimu kwamba wazee wamekataa, ukitaka nisingizie mimi. Wewe ni fundi viatu, hukuitwa Musa. Watu wakishaanza kuandika kwenye kuta, hawaandiki kwa sababu rangi imewazidi. Nimeyaona. Wanaanza na ukuta wa mgeni, wanamalizia kwa aliyempa mgeni maji. Unalala peke yako nyuma ya jengo lililojaa mabenchi ya mbao na vitabu vya nyimbo. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nami sina machozi ya kumlilia mtu mwingine mwaka huu.

Kaa ndani Jumapili. Komea.

Unisalimie Karani, bado anajipaka mafuta ya nywele asizokuwa nazo?

Mimi shemeji yako


Tarehe 16 Aprili

Shemeji mpendwa,

Karani anakusalimu, na mafuta anapaka. Mimi ni mzima. Mvua zimeanza na viatu vinafumuka, kwa hiyo sikosi kazi.

Nilikutii. Nilimwambia Mwalimu kwamba wazee hawajakubali. Hakubisha. Alisema asante, akaniuliza kama mgongo umepoa. Nilitamani angenitukana.

Sasa sikiliza yaliyotupata. Ukitaka kucheka ucheke, na mimi nilicheka, ila si siku ile.

Ilikuwa Jumapili ya mchungaji. Mvua ilikuwa inanyesha naye hajatokea, Karani akaanza ibada. Mlango ulikuwa umekomewa, na mimi nimekaa pale pale mlangoni, kwa kuwa ndiyo nafasi yangu sasa. Tukiwa kwenye wimbo wa pili mlango ukagongwa. Si kwa kubisha hodi, kwa ngumi. Nyimbo zikafa midomoni. Mama Maua, yule anayepanga maua ya madhabahu, akachungulia kwenye ufa, akarudi amekuwa wa kijivu. Alisema kuna mtu amevaa kofia ngumu na koti jeusi, na nyuma yake kuna kundi.

Tulishakubaliana zamani, wakija hao Kamati, tuimbe kwa nguvu wasijue uchache wetu. Basi tukaimba. Anagonga, tunaimba. Akizidisha, tunazidisha. Tangu dada yako aondoke hakuna wa kutupa sauti ya kuanzia, kila mtu alishika yake, na ile hofu ikazichanganya zaidi. Tuliimba hadi beti zile ambazo miaka yote tunazirukaga. Katikati nikasikia kikohozi nje. Nilikifahamu kikohozi kile. Nikamtazama Karani, akatikisa kichwa huku amefumba macho, naye aliogopa kama mimi. Nikaendelea kulishika komeo kwa mikono miwili.

Kugonga kukakoma. Tukanyamaza kusikiliza kama wameondoka. Ndipo tukasikia wimbo wetu ule ule unaimbwa nje, sauti ni ile ile, maneno siyo yetu. Umepangwa vizuri, wa juu juu, wa chini chini.

Nikatoa komeo.

Mchungaji, mwenye kile kikohozi, alikuwa uani na kofia yake ya pikipiki imening'inia mkononi. Mvua ilikuwa imekata. Juu ya kiti cha pikipiki alikuwa ametandika kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana, na watu wa pagale wamesimama mstari, viganja vimekingwa. Alikuwa anampa mtu wa mwisho. Mkate alioleta ulikuwa wa kututosha sisi wachache. Alikuwa ameumega mpaka unafanana na unga.

Mama Maua alikuwa wa kwanza kusema. Aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Na sisi?"

Mchungaji alikifuta kikombe taratibu, akakikunja ndani ya kitambaa. "Nimebisha, mama. Hawa walikuwa hapa." Akavaa kofia, akawasha pikipiki, akaondoka kuwahi kanisa lingine. Hakutugombeza. Tulibaki pale mlangoni tumevaa nguo zetu nzuri, na wao wamesimama uani wamelowa, hakuna aliyejua nani amsalimie nani.

Ng'ambo ya barabara, watu wa Kamati walikuwa wamejipanga, simu juu, wanapiga picha. Picha hizo sasa zinazunguka mtaa mzima. Wanasema kanisa la kiwandani linawalisha wageni.

Tangu siku hiyo nikisikia pikipiki naingia ndani. Siogopi mchungaji. Sijui naogopa nini zaidi, shemeji, hao walioko ng'ambo ya barabara, au ile Jumapili yenyewe.

Nijibu mapema.

Gundi


Tarehe 11 Mei

Shemeji,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na zamu nyingi. Nilicheka mpaka mwenzangu wa zamu akanipa maji, na baada ya kunywa nikaona kwamba halikuwa jambo la kuchekesha. Ningekuwa na nafasi ningekuja nikuchape wewe na Karani, kisha nikuchukue.

Nasema kweli, ondoka hapo. Funga viatu vyako kwenye gunia. Kanisa halitakulilia. Wazee wako wana nyumba pembezoni, wanakuja kwa basi, wanaogopa kwa saa mbili kisha wanarudi kulala. Wewe unaogopa wiki nzima.

Huku sijambo. Kanisani sijaenda siku nyingi, ni hizi zamu. Kile kitambaa cha kichwa dada alichonitumia nimekiweka sandukuni, kina rangi inayoonekana sana. Siku hizi nikiwa kwenye basi sizungumzi, mdomo unachoka.

Barua zako uzitume kwa anwani ya zahanati, si kwa ile ya chumba.

Nilitaka kukuuliza, na sijui kwa nini limenikaa. Wale watu, kabla ya siku ile ya mchungaji, mvua ilipokuwa ikiwanyeshea pale nje ya madirisha, walikuwa wanakimbia au wanaendelea kusimama?

Mimi


Tarehe 25 Mei

Shemeji mpendwa,

Walikuwa wanaendelea kusimama. Walikuwa wanasogea karibu na ukuta, chini ya ukingo wa bati, na wenye watoto wanawafunika kwa nguo zao. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Salamu nimeanza kuzisahau, tazama. Mimi ni mzima. Nimepungua kidogo, hata mkanda nimeutoboa tundu jipya. Paka yupo.

Wazee wa kanisa wamekutana. Mchungaji naye alikuja, akasemwa tangu alipokaa mpaka alipoinuka. Wapo waliosema awahi kuhamishwa. Mama Maua alilia kwa hasira, akasema amelitumikia kanisa hili maisha yake yote na siku hiyo ameachwa kama mtoto aliyechelewa chakula. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema, "haya, mwenyeji amepona?" Watu walicheka, yeye hakucheka. Mchungaji alisikiliza, kisha akaleta ombi la Mwalimu mezani, lile ambalo mimi sikulifikisha. Kumbe Mwalimu alimwambia siku ile uani.

Hapo ungeona maajabu. Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana. Kila mtu alikuwa na basi la kuwahi. Mwisho Karani akasema jengo ni la wote lakini ufunguo ni wa mmoja, basi aamue mwenye ufunguo. Wote wakaitikia amina haraka haraka. Mimi nilikuwa nimekuja kuwapangia viti.

Siku chache baadaye akaja barazani mkubwa wa Kamati, wanayemwita Kamanda. Alileta viatu vyake vya buti nimshonee soli. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mguu mmoja una soksi, akanisalimia shikamoo vizuri kabisa. Alisema mimi ni mzee wake, anaujua mtaa huu kwa kupita mbele ya baraza yangu tangu anaenda shule. Aliuliza habari za mgongo, akanipa pole ya dada yako. Nilikuwa nashona na shazia, ile sindano nene ya ngozi, linaniteleza.

Kisha akaokota kipande cha ngozi chini, akakikunja, akakinusa.

"Babu Gundi, hii gundi yako ikimwagika, si inashika moto?"

Nikamwambia inashika.

"Na wewe unalala humo humo ndani nayo." Akatikisa kichwa kama anayenihurumia. "Sisi tunakulinda, mzee wangu. Lakini ukifungulia watu mlango, hatutajua tena yupi ni wa kulindwa."

Akavaa buti lake, akalikanyagisha chini kulijaribu, akasema nimefanya kazi nzuri. Wiki hiyo hiyo, mchana kweupe, godoro liliungua kwenye ghorofa ya chini ya pagale. Walilizima kwa ndoo. Mwanamke mmoja ameungua mkono. Hakuna aliyeona aliyewasha, ingawa barabara ilikuwa imejaa watu.

Shemeji, sasa nikuulize na mimi. Uliniambia umehamia karibu na kazi. Lakini barua yako ya mwisho ina basi ndani yake. Mtu aliye karibu na kazi hapandi basi akachoka mdomo kwa kunyamaza. Na kwa nini barua zisije chumbani? Na tangu lini wewe umeficha kitambaa kwa sababu kina rangi? Dada yako alikuwa akisema wewe ukivaa kijivu tuite daktari.

Sikulazimishi. Ila mimi nimekwambia ninavyotetemeka, na mzigo wa kutetemeka peke yangu ni mzito.

Gundi


Tarehe 20 Juni

Shemeji,

Umekuwa mpelelezi kwenye uzee. Ningejua ningekuandikia uongo bora zaidi.

Haya. Sikuhama, nilihamishwa. Mama mwenye nyumba wangu tulikuwa tukiimba naye kwaya moja, tumesimama bega kwa bega, alikuwa akiniazima miwani kusoma nyimbo. Kulianza maneno mtaani kwamba wageni wanajaza hospitali na kuchukua kazi. Mimi nilidhani hayo ni ya wageni wengine. Nimekaa kwenye nchi yao muda mrefu, nimeshika vichwa vya watoto wao kabla mama zao hawajawaona. Siku moja nimetoka zamu nikakuta vitu vyangu nje ya mlango. Hakuvitupa, shemeji. Alivikunja. Alikunja hata soksi, mbili mbili. Yeye mwenyewe alisimama ndani nyuma ya pazia, nikaiona miguu yake. Sikubisha na yeye hakutoka. Nadhani alikuwa analia, au nataka iwe hivyo.

Sasa nalala chumba cha kuhifadhia mashuka cha zahanati. Muuguzi mkuu anajua, anajifanya hajui. Nje natoka kwa kazi tu ikinibidi, kama ile siku niliyopanda mabasi mawili kufuata dawa. Juzi mjamzito mmoja uchungu umemkolea, akaniangalia, akauliza kama hakuna mkunga mwingine. Hakukuwepo. Mtoto alizaliwa mzima, mama yake akageuzia uso ukutani.

Jumapili moja nilikwenda kanisani kwetu. Walioko mlangoni ni watu ninaowajua kwa majina. Waliniambia kwa upole kwamba kwa usalama wa wote, watu wa huko kwenu wapumzike kidogo mpaka hali itulie. Kwa upole kabisa. Nilisikiliza ibada nikiwa kituo cha basi cha upande wa pili, ilisikika vizuri.

Kwa hiyo nilipokuuliza habari za mvua, ndiyo hiyo.

Na mimi huyu huyu ndiye niliyekuandikia komea. Nilikuwa nimelala juu ya mashuka ya watu nikikuandikia kaa ndani usiwafungulie. Nilimaanisha, bado namaanisha. Nikikwambia fungua, wakakuchoma, nitamwambia nini dada? Na nikikwambia funga, mimi mwenyewe nitasimama wapi? Kwa hiyo sikwambii kitu. Usiniulize tena nina ulimi gani. Fanya, halafu uniandikie siku hiyo hiyo, ili nijue kama nina shemeji.

Mimi


Tarehe 7 Julai, Jumapili jioni

Shemeji yangu,

Unaye.

Naandika mbio mbio, usicheke herufi. Barua yako niliisoma barazani, nikaikunja, nikavuka barabara. Sijawahi kuvuka ile barabara kwenda pagale tangu walipohamia. Mwalimu alikuwa anafua shati. Nikamwambia Jumapili saa tisa alasiri. Akauliza kama wazee wamekubali. Nikasema mwenye ufunguo amekubali. Nilivyorudi ng'ambo, vizibao vyote vya Kamati vilikuwa vimegeuka kunitazama.

Leo asubuhi baada ya ibada yetu niliwaeleza wenzetu. Walichukua mabasi yao. Karani alinishika mkono, akasema ataniombea akiwa nyumbani. Sikumlaumu. Mimi pia ningepanda basi kama ningekuwa na la kupanda.

Saa tisa ufunguo ulikataa kuingia kwenye tundu. Si kwamba tundu limeharibika, ni mkono. Mwalimu alinisubiri, hakunisaidia, na nashukuru hakunisaidia. Ukaingia. Kwao wanavua viatu kabla ya kuingia mahali pa sala, mimi sikulijua hilo. Waliviacha mlangoni vyote, nikajikuta nimekaa kwenye kigoda changu katikati ya rundo la viatu. Nimeshona viatu maisha yangu yote na sijawahi kuona vilivyotembea kama hivyo. Kimoja kilikuwa kimefungwa kwa waya wa umeme. Nikakichukua, nikaanza kukishona.

Mwalimu akaja kuniinamia. Wenzake walikuwa wanaomba mlango ukomewe. Nikamwambia tulishafanya hivyo, tukamwimbia mchungaji nyimbo zote za kitabu na njaa tukarudi nayo nyumbani. Sidhani alielewa maneno yote. Aliuacha wazi, akarudi mbele, wakaanza kuimba.

Watu wa Kamati walikuja kwenye ubeti wa kwanza. Kamanda mbele, wengine wamebaki getini. Mmoja ameshika chupa ya plastiki yenye kitu cha rangi ya chai. Kamanda alisimama juu yangu, kivuli chake kikanifunika mimi na viatu.

Akauliza, "Babu Gundi, hii ni ibada ya nani?"

Nilikuwa na jibu, shemeji. Nilikuwa nimelipanga tangu Jumatano. Halikutoka, nikabaki na shazia mkononi. Nasema ukweli, ningeweza kujikojolea.

Jibu lilitoka nyuma yangu. "Ni yetu. Na wewe umechelewa. Vua kofia, ukakae nyuma."

Alikuwa Mama Maua. Hakupanda basi. Alikuwa amejificha kwenye chumba changu tangu asubuhi, amekasirika, anampa paka maziwa yangu ya chai, hajaamua kama anakuja kusali au kunigombeza. Ndoo yake ya maua ilikuwa mkononi, na nilisikia maji yake yanachezacheza, kwa hiyo najua naye alitetemeka. Alimwambia vile tu anavyowaambia wachelewaji wote, kwa ile sauti inayomfanya Karani afiche simu.

Kamanda aliitoa kofia. Nadhani mkono uliitoa kabla yeye hajaamua. Kisha akajishtukia, akairudisha, akacheka, akawatazama wenzake wa getini kuona kama wamemwona. Walikuwa wamemwona. Aliniinamia sikioni, lile linalosikia.

"Jumapili moja si nyingi, Babu Gundi."

Wakaondoka. Chupa wameondoka nayo.

Mama Maua aliingia ndani. Aliangalia viatu vya wengine, akasimama akifikiri, akavua na vyake. Alikaa benchi la nyuma, pembeni ya yule mama aliyeungua mkono. Hakuimba, maneno hayajui. Baadaye nikamsikia anaguna kwa chini ile sauti ya wimbo.

Hapo ndipo tulipofika. Sitaki kukudanganya kwamba mambo yametulia. Nimehamisha makopo ya gundi kwa mwenye duka la kona, na ndoo za maji nimezijaza zote, na kila gari likipunguza mwendo hapa nje naacha kuandika. Jumapili ijayo nitafungua tena saa tisa, na nitaogopa tena. Mchungaji wamemwita makao makuu na hajarudi, kwa hiyo Meza hatujui tutaipata lini, wao wala sisi.

Lakini nimekaa hapa nafikiri juu ya kile kituo cha basi ambako ibada inasikika vizuri. Mama Maua amesema ukija utalala kwake, tusije tukawapa watu la kusema. Zahanati ya hapa inatafuta mkunga. Wanawake wa pagale wanajifungulia sakafuni. Usiandike kuniuliza kama ni salama. Si salama. Njoo.

Gundi